UZI: Mchezaji wa kaunti Uingereza anadumuje miaka 25 kazini bila kuitwa timu ya taifa? Kisa cha Darren Stevens

Mshono_Mwekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, kule kwenye uzi wa Kombe la Dunia kuna mjumbe aliandika kwamba mwanakriketi wa Uingereza asiyeitwa timu ya taifa ni "mtu wa mazoezini tu". Naleta ushahidi wa upande wa pili.

Darren Stevens alizaliwa Leicester mwaka 1976. Alianza na kaunti (timu ya jimbo) ya Leicestershire 1997, akahamia Kent 2005, akatoka Kent 2022 akiwa na miaka 46. Alicheza zaidi ya mechi 300 za daraja la kwanza (zile ndefu za siku kadhaa), akafunga mikimbio (ndiyo mabao ya kriketi) zaidi ya 16,000 na kuchukua wiketi zaidi ya 550, yaani kuwatoa wapigaji zaidi ya 550 kwa urushaji wake. Uingereza haikumwita hata kwa mechi moja. Mwaka 2021 Wisden, kitabu cha mwaka cha kriketi, kilimweka kati ya wachezaji wake watano bora, heshima ambayo mchezaji huipata mara moja tu maishani.

Ukitazama hizo wiketi ndipo utashangaa. Alipoondoka Leicestershire akiwa na miaka 28 alikuwa mpigaji, na wiketi zake zilikuwa chache mno. Karibu zote alizipata baada ya umri ambao warushaji wengi wanaanza kutafuta kazi ya ukocha. Hoja yangu ni hii: kaunti haikulipi kwa kuwa bora, inakulipa kwa kuwa mgumu kubadilishwa. Wapigaji wanaoingia wa sita na kufunga wastani wa mikimbio 35 wako wengi tu. Ila mpigaji huyohuyo akikupa na ova 15 za kubana kila siku (ova moja ni mipira sita), ukimwacha inabidi uajiri watu wawili.

Karibuni.

Chepe_la_Pwani

Mkuu kabla hatujaenda mbali, wengine tunajua mpira wa miguu tu. Kaunti ziko ngapi na msimu ukoje?

Mshono_Mwekundu

Kaunti zinazocheza mechi hizo ndefu ni 18. Ligi yao rasmi ilianza 1890, na tangu 2000 imegawanywa makundi mawili, la juu na la chini. Sasa juu ziko 10, chini 8, na kila timu inacheza mechi 14. Mechi moja ni siku nne, ova 96 kwa siku, na kila timu inapiga zamu mbili. Ukishinda unapata pointi 16, juu yake zinakuja pointi za ziada za upigaji na urushaji, ambazo hukusanywa ndani ya ova 110 za mwanzo za kila zamu ya kwanza. Ukichelewesha ova zako unakatwa pointi.

Msimu unaanza Aprili na kuisha mwishoni mwa Septemba. Katikati ya kiangazi yanaingia mashindano ya T20 (kila timu ova 20), Agosti kuna kombe la ova 50 na yale ya mipira mia yaliyoanza 2021. Kwa hiyo mechi za siku nne zimesukumwa pembeni: nyingi zinachezwa Aprili na Mei kwenye baridi, zinarudi tena Septemba. Shika hilo, maana habari nzima ya Stevens imekaa humo.

Ova_ya_Mwisho

Naongezea hapo kwenye Aprili.

Mpira wa Uingereza ni wa chapa ya Dukes. Uzito wake ni kati ya gramu 156 na 163, mzingo sentimita 22.4 hadi 22.9. Ngozi ni vipande vinne juu ya kiini cha kizibo na uzi wa sufu. Mshono una mistari sita, yote imeshonwa kwa mkono na uzi unapita ndani unashika pande zote mbili. Kookaburra wa Australia ni tofauti: mistari miwili ya kati tu ndiyo ya mkono, minne iliyobaki ni ya mashine, kwa hiyo mshono unalala mapema, ova 20 au 25 hivi. Mshono wa Dukes bado unausikia kwa kidole ova ya 60. Mpira mpya unaruhusiwa ova 80 zikitimia.

Sasa chukua mpira huo, peleka Canterbury, nyumbani kwa Kent, katikati ya Aprili. Nyasi za pichi (ule ukanda wa katikati mpira unapodundia) bado mbichi, udongo una unyevu, mawingu yameshuka. Mrushaji wa kilomita 140 kwa saa anatisha, lakini mpira wake ukikata (ukibadili njia) baada ya kudunda mara nyingi unakata kupita kiasi: unamshinda mpigaji na unavikosa pia vile vijiti vitatu anavyovilinda. Stevens alikuwa wa kilomita 110 hivi. Anaudundisha palepale, kama mita 5 au 6 mbele ya vijiti, mshono umesimama wima, na mpira unasogea upana wa rungu tu. Upana wa rungu hauzidi milimita 108, kwa hiyo ukisogea nusu ya hapo, sentimita 5 tu, umeshatoka katikati umefika ukingoni.

Bi_Karani_wa_Mikimbio

Sawa kaka, lakini kasi ya 110 mpigaji wa kulipwa anaipangia. Anatoka kwenye mstari wake wa kupigia hatua moja au mbili, anaukuta mpira kabla haujakata. Kwa nini hawakumfanyia hivyo?

Ova_ya_Mwisho

Dada umeuliza penyewe. Kipa alisogea.

Kwa mrushaji wa kasi kipa husimama mita 15 au zaidi nyuma ya vijiti. Kwa Stevens makipa wa Kent walikuwa wanasimama juu ya vijiti kabisa, pua karibu iguse. Ukitoka nje ya mstari ukaukosa mpira, kipa anaangusha vijiti na wewe umekwenda. Basi mpigaji anajifunga mstarini, na akishajifunga ametega mguu wake. Mpira unamgonga karibu na vijiti, na mwamuzi hana haja ya kukisia njia ndefu uliyobaki nayo. Hesabu wangapi yule mzee aliwatoa kwa mguu mbele ya wiketi, yaani mguu umezuia mpira ambao ungegonga vijiti.

Gharama yake ni kwa kipa. Mpira ukigusa ukingo wa rungu ana muda mdogo mno wa kuudaka, na vidole vinavunjika. Ndiyo maana timu nyingi zina mrushaji wa aina hii lakini hazina kipa wa kuthubutu.

Mtu_wa_Slipu

Na ndiyo hiyohiyo iliyowakera wakubwa wa kriketi ya Uingereza. Walilalamika kwamba kaunti zinajaza wiketi kwa "vibabu" wa kasi ndogo, halafu timu ya taifa ikifika Australia haina mtu wa kurusha kwenye pichi kavu. Kuanzia 2023 raundi chache za ligi zikachezwa kwa Kookaburra ili kuwapunguza makali. Binafsi naona waliuadhibu mpira badala ya kurekebisha ratiba. Ukihamishia mechi Julai kwenye jua, kukata kwa mpira kunapungua kwenyewe na warushaji wanaozungusha mpira kwa vidole wanarudi kazini.

Chepe_la_Pwani

Nimeanza kuelewa. Sasa lile la Stevens kufunga mikimbio 190 mnalolisifu kila siku ni lipi?

Bi_Karani_wa_Mikimbio

Hilo niachieni mimi, maana lina hesabu tamu.

Mei 2021, Canterbury, Kent dhidi ya Glamorgan. Kent wako 80 kwa watano (mikimbio 80, wapigaji watano wameshatoka), kisha 128 kwa wanane. Stevens ana miaka 45. Anakuja Miguel Cummins, mrushaji asiyejua kupiga. Wawili hao waliongeza 166. Katika hizo 166, Cummins alifunga mkimbio MMOJA. Stevens alifunga 160, zilizobaki ni za ziada. Alimaliza na 190 kwa mipira 149, sita (mpira kuvuka mpaka bila kudunda, mikimbio sita) zikiwa 15.

Jinsi inavyofanyika ni hivi. Ova ina mipira sita, kisha mrushaji anabadilika na mpira unatoka upande wa pili. Kwa hiyo:

Stevens akikimbia mmoja kwenye mpira wa 6, anahamia upande wa pili, ova mpya inaanza na yeye ndiye anayekabili. Cummins hajaguswa.

Akikimbia mmoja kwenye mpira wa 5, Cummins anakabili mpira mmoja tu, kisha ova inageuka na Stevens anarudi.

Asipopata mmoja kabisa, Cummins anabaki na ova nzima, mipira sita. Hapo ndipo wiketi ya tisa hufa.

Nahodha wa Glamorgan anajua hesabu hiyo pia. Mipira minne ya mwanzo anawatawanya watu mpakani na kumwambia Stevens "chukua mmoja, karibu", ili Cummins abaki na mipira mingi. Mpira wa 5 na wa 6 anawavuta watu ndani, mita 20 kutoka kwenye rungu, amnyime mmoja. Stevens akakataa mikimbio ya bure mwanzoni mwa ova na kupiga juu ya vichwa vya watu wa mpakani, maana sita haina mlinzi. Watu wakivutwa ndani mpira wa 5, anausukuma polepole kwenye pengo na kukimbia. Au anawapiga tena juu, kisha mpira wa 6 wanaogopa kusogea.

Kinachokosewa na wengi ni kumtaka mwenzio akimbie haraka bila kupatana naye. Wito wa kukimbia lazima uwe wa mtu mmoja. Cummins kazi yake ilikuwa rungu nyuma ya mguu wa mbele, jicho kwa Stevens, hakuna kingine.

Na siku hiyohiyo Stevens akashika mpira akamtoa Marnus Labuschagne wa Glamorgan, ambaye wakati huo alikuwa kati ya wapigaji wakubwa wa dunia.

Mshono_Mwekundu

Asante dada. Ila kwangu mimi la 190 ni la pili. La kwanza ni Septemba 2019, uwanja wa Headingley, dhidi ya Yorkshire. Alishaambiwa na Kent kwamba mkataba hautaongezwa. Timu iko 39 kwa watano. Yeye na nahodha Sam Billings wakajenga mikimbio 346 pamoja kabla mtu wa sita hajatoka. Stevens 237 kwa mipira 225, umri miaka 43. Yorkshire walipopiga zamu ya mwisho akawatoa watano kwa kufungwa mikimbio 20 tu, Kent wakashinda kwa tofauti ya 433.

Akapewa mkataba mwingine. Miaka mitatu zaidi ya kazi, kutokana na siku nne.

Mtu_wa_Slipu

Hapo nakupinga kidogo mwanzisha uzi. Unaongea kana kwamba kila mtu anaweza kufanya vile. Mikataba ya kaunti mingi ni ya mwaka mmoja au miwili, na inaisha majira ya vuli. Mpigaji kijana anaweza kucheza mechi saba kabla ya Juni, kwenye nyasi mbichi, apate mipira mitatu mibaya na ishirini mizuri, wastani wake ushuke 18, aangukie timu ya pili, na kabla jua halijatoka viongozi wameshaamua. Stevens alipona kwa kuwa alikuwa na kazi ya pili. Asiye nayo anaondoka na miaka 24.

Mshono_Mwekundu

Mkuu hujanipinga, umerudia hoja yangu kwa sauti kali zaidi 😄

Daktari_wa_Goti

Naingilia upande wa mwili, maana huko ndiko kazi nyingi zinakofia.

Mrushaji wa kasi anapotua mguu wa mbele, ardhi inamrudishia nguvu mara 5 hadi 8 ya uzito wake. Wakati huohuo mgongo umepinda pembeni na kuzunguka. Mfupa unaoumia ni wa pingili za chini za kiuno, upande ulio kinyume na mkono wa kurushia. Unaanza kama uchovu, kijana anasema "nimelala vibaya", kumbe mfupa una ufa mwembamba. Mifupa hiyo inakomaa katikati ya miaka ya ishirini, na kaunti zinawataka wakiwa na 18.

Ndiyo maana kuna masharti kwa vijana. Kwa miaka mingi kiwango cha wenye miaka 16 hadi 19 kimekuwa ova 7 kwa mfululizo, 18 kwa siku. Tatizo ni kwamba kijana mzuri ana shule, klabu, kaunti na akademia, na kila kocha anahesabu ova zake mwenyewe. Jumatano 7, Jumamosi 10, Jumapili 12, hakuna aliyevunja sheria ila mgongo umevunjika. Daftari la ova linapaswa kuwa mikononi mwa mchezaji au mzazi.

Hatari kubwa kuliko wingi ni kuruka ghafla. Mtu aliyerusha ova 10 kwa wiki Machi akipewa 40 kwa wiki Aprili, subiri simu ya daktari. Na ufa wa mgongo ukithibitika, mara nyingi msimu wake umekwisha. Stevens hakupitia njia hii kwa sababu rahisi: ujanani hakuwa mrushaji. Alipoanza kurusha kwa wingi mifupa ilishakomaa, na mbio zake za kuja kurusha zilikuwa fupi.

Gymkhana_Nairobi

Wadau, mmesahau kwamba mambo haya yamepita kwetu pia.

Basharat Hassan, mzaliwa wa Nairobi, alicheza Nottinghamshire kuanzia 1966 hadi 1985 na kufunga zaidi ya mikimbio 14,000. Hakucheza Testi (mechi ndefu ya mataifa) hata moja. Kazi yake ya pili ilikuwa udakaji. Alisifika kwa kusimama karibu kabisa na rungu, mahali wengine wanapofumba macho. John Solanky, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa Glamorgan miaka ya 1970, anapiga na kurusha. Derek Pringle alizaliwa Nairobi 1958. Baba yake Don aliichezea Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la 1975, na Derek akawa nguzo ya Essex hadi timu ya taifa ya Uingereza.

Lakini funzo kamili ni la Collins Obuya. Tarehe 24 Februari 2003 kwenye Kombe la Dunia, uwanja wa Gymkhana, Nairobi, aliwachukua Sri Lanka wiketi tano kwa mikimbio 24, Kenya ikaenda hadi nusu fainali. Mwaka huohuo Warwickshire wakampa mkataba. Hakudumu. Urushaji wa kuzungusha kwa kifundo ni kitu chepesi kuharibika: baridi inakaza vidole, mpira wenye unyevu unateleza, na goti likisumbua unakosa pale pa kutulia ili kifundo kifanye kazi. Mzunguko ukampotea.

Akafanyaje? Akajigeuza mpigaji. Machi 2011, Kombe la Dunia, Bengaluru, dhidi ya Australia akabaki 98 bila kutolewa. Ni njia ya Stevens iliyogeuzwa: mmoja kutoka rungu kwenda mpira, mwingine kutoka mpira kwenda rungu.

Mshono_Mwekundu

Heshima kwako mzee wa Gymkhana. Hilo sikulifikiria kabisa.

Hesabu_za_Boma

Hakuna aliyegusa pesa. Kulikuwa na kitu kinaitwa mwaka wa hisani: mchezaji aliyekaa muda mrefu, kwa kawaida baada ya kuvishwa kofia ya kaunti (heshima ya mchezaji wa kikosi cha kwanza) na kutumikia kama miaka kumi, anapewa mwaka wa kufanyiwa chakula cha jioni, mechi za gofu na michango. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa pensheni.

Kwamba pesa hiyo haikatwi kodi ilitokana na mchezaji wa Kent vilevile, James Seymour. Mechi yake ya hisani ilichezwa Canterbury 1920, ikaingiza pauni 939 na ushee. Mamlaka ya kodi wakasema ni mshahara. Kesi ikapanda hadi Baraza la Malodi, na 1927 likaamua ni zawadi, si mshahara. Karibu miaka 90 wachezaji wa kaunti wakaishi chini ya mwavuli huo. Tangu Aprili 2017 msamaha umewekewa kikomo, pauni 100,000 za mwanzo, mara moja tu kwa maisha ya mchezaji.

Wanachokosea vijana: wanasubiri mwaka wa hisani kama urithi. Haupo kwenye mkataba, na ukiandikwa kwenye mkataba unageuka mshahara. Chama cha wachezaji, kilichoanzishwa 1967, kina watu wa kuwasaidia kupanga kazi ya baadaye. Waanze kuongea nao wakiwa na 22, si 34.

Chepe_la_Pwani

Swali la mwisho la mgeni. Aprili hiyo yenye baridi, rungu linavumilia?

Ova_ya_Mwisho

Linavumilia likiandaliwa. Ni mbao za mti wa willow, Essex na Suffolk ndiko inakokua mingi, hukatwa ikiwa na miaka 12 hadi 20 hivi. Ni mbao laini, ndiyo maana inarudisha mpira, na ndiyo maana inapasuka.

Rungu jipya la mbao tupu: paka mafuta mabichi ya kitani, kijiko cha chai kimoja, usoni, ukingoni na kidoleni (ncha ya chini ya rungu), usiguse pale mpini unapoingia wala stika. Lilaze, uso juu, masaa 24. Rudia mara mbili. Usizidishe, mafuta mengi yanafanya rungu zito na bubu. Kisha nyundo ya mbao, masaa 4 hadi 6 kwa jumla, vipindi vya dakika 15. Anza taratibu. Ukingo usiugonge moja kwa moja, ugonge kwa pembe ya digrii 45 hadi uviringike. Kidole cha chini usikigonge kwa chini kamwe, kinachanika.

Kinachoua marungu Aprili ni kidole. Mchezaji anasimama akigongagonga nyasi zenye maji, mbao inanyonya, inavimba, mpira mmoja wa miguuni unaipasua katikati. Ziba kidole kwa gundi isiyopitisha maji, bandika kinga ya raba, na mvua ikikukuta lifute usilianike karibu na hita ya chumba cha kubadilishia nguo. Wachezaji wanapenda kuliegemeza pale pale kwenye hita. Kesho yake utaona ufa mwembamba unapanda kufuata mistari ya mbao, kama sentimita 3, na hapo halifai tena kwa mechi, lipeleke mazoezini.